Modeli Haikosi Jibu: Namna ya Kuuliza Vipimo kwa Skripti

(Hotuba iliyotolewa mjini Lindi mbele ya wachoraji wa majengo, wapima ardhi na wanafunzi wa ufundi. Imeandikwa upya ili isomeke.)

Wazee wetu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Tuanze na boksi. Fungua Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, weka mchemraba wake wa kawaida wenye mita 2 kila upande. Uvute uwe ghala la korosho: mara 6 kwa urefu, mara 4 kwa upana, mara 1.5 kwa kimo. Kwenye skrini linaonekana ghala la mita 12 kwa 8, lenye kimo cha mita 3. Sasa andika skripti, yaani amri fupi za lugha ya Python, iulize ujazo wa meshi, ile ngozi ya kona, kingo na nyuso inayofanya umbo. Jibu linalotoka ni 8. Ulitegemea 288, umepewa 8. Uliza eneo la paa, unapewa 4, na fundi bati anahitaji 96. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo, namba imetoka safi kabisa na ukiitia kwenye makadirio ya gharama itakaa bila kelele.

Hapo ndipo kazi yote ya leo ilipo. Kuandika skripti ya kuuliza maumbo ni rahisi, kijana mwenye wiki mbili za Python anaweza. Tabu ni kwamba modeli haikosi jibu. Inajibu ulichouliza, kwa hesabu za pale ulipoulizia, juu ya meshi uliyoishika wakati ule. Mambo hayo usipoyajua wewe, hakuna atakayekwambia.

Turudi kwenye lile 8. Kila kona ya meshi imeandikwa kwa hesabu za ndani ya kitu chenyewe. Ulipovuta boksi hukuzigusa kona, ulibadilisha matriki ya kitu, ile inayoitwa `matrix_world`, jedwali la namba linalosema kitu kiko wapi, kimegeuka vipi na kimevutwa kiasi gani. Fikiria abiria kwenye kivuko cha kwenda Kitunda. Amekaa hatua tatu kutoka mlangoni, na hatua hizo hazibadiliki kivuko kikiwa huku wala kikifika ng'ambo. Aliyesimama ufukweni anamwona anasogea. Kona ni abiria, matriki ni kivuko. Ukiuliza `vertices` na `co` unaongea na abiria. Ukitaka habari za ufukweni, yaani hesabu za dunia, zidisha matriki kwa kona, na matriki itangulie kushoto.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato: wanachukua jibu la ndani wanalizidisha kwa ukubwa wa kuvuta. Kwa ujazo inakubali: 6 mara 4 mara 1.5 ni 36, na 8 mara 36 ni 288. Kwa eneo inakataa. Kila uso wa boksi letu una mita za mraba 4 kwa ndani, lakini paa limekua mara 24, ukuta mrefu mara 9, ukuta mfupi mara 6. Hakuna namba moja ya kuzidisha. Kwa hiyo msihangaike na mkato. Nakili meshi kwenye bmesh, zana ya Blender ya kushika meshi ndani ya skripti, ipitishe nzima kwenye matriki kwa `bm.transform`, ndipo uulize. Kugandisha ukubwa kwa Ctrl+A nako kunatibu, ila kunabadilisha faili la mwenye kazi, na skripti ya kupima isiyoacha kitu kama ilivyokikuta haifai kuitwa ya kupima.

Kuna mtego mdogo hapo hapo. Skripti ikisogeza kitu kwa `location` halafu mstari unaofuata ikasoma `matrix_world`, itasoma matriki ya zamani. Blender haihesabu upya mpaka iambiwe `view_layer.update`. Vipimo vinarudi nyuma hatua moja, na mtu anaweza kumaliza mchana mzima akitafuta kosa kwenye hesabu yake wakati hesabu yake haina neno.

Jambo la pili ni meshi ipi. Ukuta mwingi siku hizi huchorwa kama karatasi nyembamba, unene ukaongezwa na modifaya, amri inayobadilisha umbo bila kugusa kona za asili. Nguzo inachorwa moja, modifaya nyingine inaizalisha mara 40. Ukiuliza `data` ya kitu unapata karatasi na nguzo moja. Ili upate unachokiona kwenye skrini, omba kitu kilichokwisha kupikwa, kwa `evaluated_get`. Na kama mtu yuko katikati ya kuhariri, `data` ni picha ya kabla hajaingia humo. Hapo tumia `bmesh.from_edit_mesh`, au uanze na `update_from_editmode`. Hilo halina mengi, likariri tu.

Sasa ujazo wenyewe, maana ndio unaoulizwa kuliko vyote: zege, kifusi, maji ya tanki, mchanga wa kujaza.

Kompyuta haimwagi maji ndani ya modeli ipime. Inachukua kila pembetatu ya ngozi, inaiunganisha na chanzo, ile sifuri tatu, inapata piramidi. Uso unaotazama mbali na chanzo piramidi yake ni chanya, unaotazama kwenye chanzo ni hasi. Ukijumlisha zote, vya nje vinafutana, unabaki na ujazo wa ndani. Ni hesabu nzuri mno, lakini ina sharti: ngozi iwe imefungwa pande zote na nyuso zote zitazame nje.

Wachoraji wengi hufuta sakafu kwa sababu haionekani. Lichukue ghala letu, ondoa sakafu, liache limekaa kwenye sifuri ya kimo. Uliza ujazo: 288. Sahihi! Sakafu iliyokosekana ilikuwa kwenye usawa wa chanzo, piramidi yake haina kimo, haikuwa na mchango. Sasa lipandishe mita 10, kama limejengwa juu ya kilima, uulize tena kwa hesabu za dunia. Jibu ni 608. Sakafu ya mita za mraba 96, mara 10, gawa kwa 3, ni 320 iliyotakiwa kutolewa na haikutolewa. Ghala ni lile lile.

Kumbe hapo tumepata kipimo cha bure: isogeze nakala, uulize mara ya pili. Ujazo ukibadilika kwa kiasi cha kuonekana, ngozi ina tundu. Hata hivyo njia ya uhakika zaidi ni kuhesabu kingo ambazo hazijashikwa na nyuso mbili. Skripti nzima ni hii:

```
import bpy, bmesh
d = bpy.context.evaluated_depsgraph_get()
kitu = bpy.context.object.evaluated_get(d)
bm = bmesh.new()
bm.from_mesh(kitu.to_mesh())
bm.transform(kitu.matrix_world)
wazi = [k for k in bm.edges if not k.is_manifold]
print(len(wazi), bm.calc_volume(signed=True))
bm.free()
kitu.to_mesh_clear()
```

Neno `signed` wekeni kila mara. Bila hilo programu inakupa thamani bila alama, na alama ndiyo inayosema kitu. Ujazo ukitoka hasi, ama nyuso zimegeuzwa ndani nje, ama kitu kimegeuzwa kwa kioo, yaani ukubwa wake una −1 kwenye mhimili mmoja. Kanyagio la kulia la ngazi lililonakiliwa kutoka la kushoto mara nyingi liko hivyo. Ukijumlisha vitu vingi huku baadhi ni hasi, vinakulana kimya kimya.

Kuna kosa ambalo skripti hiyo hailioni. Nguzo ya sentimita 25 kwa 25 inaingia kwenye mhimili wa zege, yaani boriti, wenye kina cha sentimita 25. Nguzo imefungwa vizuri, mhimili umefungwa vizuri, kingo wazi ni sifuri, ila pale wanapokutana zege limehesabiwa mara mbili. Kila makutano ni mita za ujazo 0.0156. Nguzo 40 zinakupa 0.625, na hiyo ni saruji ya kununuliwa. Dawa ni kujenga `BVHTree` ya kila kimoja, yaani orodha iliyopangwa ya nyuso zake, na kuuliza `overlap`. Orodha ikirudi tupu, ngozi zao hazikatani popote. Ikirudi na kitu, unganisha maumbo kwanza. Kumbuka tu kwamba kitu kidogo kilichomezwa chote ndani ya kikubwa hakigusi ngozi, basi `overlap` haitakiona.

Na tanki? Silinda ya kompyuta ni mche wenye pande nyingi uliopakwa ulaini. Blender huanza na kona 32 kwenye duara. Silinda ya nusu kipenyo mita 1 na kimo mita 2 kwa kanuni ya shuleni ni mita za ujazo 6.2832. Meshi ya kona 32 inatoa 6.2429, pungufu kwa asilimia 0.64. Ukipunguza hadi kona 12 ili faili liwe jepesi, unapata 6 kamili. Kwenye tanki la lita 5,000 lililochorwa kwa nusu kipenyo halisi, kona 32 zinameza lita 32, kona 12 zinameza 225. Kulainisha kivuli cha uso hakurudishi hata tone.

Nigusie miale na majirani kwa haraka. `ray_cast`, amri ya kupiga mwale na kuona unagonga wapi, ikiwa ya kitu inataka chanzo na mwelekeo kwa hesabu za ndani, ile ya mandhari nzima inataka za dunia. Watu wanazichanganya kila siku. Ukipima unene wa ukuta, anza katikati ya uso, elekea ndani, lakini sogeza chanzo milimita 1 kwenda ndani, la sivyo mwale unagonga uso ule ule ulioanzia na unaambiwa ukuta una unene sifuri. Kwa magofu yaliyopimwa kwa leza, kama ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ambayo Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town iliyapima, ngozi ina vijumba vya matumbawe na mashimo. Piga miale mia kadhaa, zipange namba kwa ukubwa, uchukue ya katikati. Wastani wa kawaida utaharibiwa na miale michache iliyopenya kwenye dirisha ikaenda kugonga ukuta wa pili.

Kujua kama nukta iko ndani ya umbo, piga mwale mmoja uhesabu mara ulizotoboa ngozi. Witiri, uko ndani. Shufwa, uko nje. Usipige sambamba na mhimili. Jengo la mraba lina kingo zake papo hapo, mwale ukipita juu ya ukingo unaweza kuhesabiwa mara mbili au kukosa kabisa. Chagua mwelekeo uliopinda ovyo, mfano 0.57, 0.31, 0.76.

Na `KDTree`, orodha iliyopangwa ya nukta, hupima umbali hadi kona, haijui kwamba kati ya kona kuna ukuta. Simama nusu mita kutoka katikati ya ukuta wa mita 12, uulize jirani wa karibu: itakwambia ni zaidi ya mita 6, kwa sababu kona ziko mwisho wa ukuta. Swali la uso liulizwe `BVHTree` kwa `find_nearest`. `KDTree` ni nzuri kwa mawingu ya nukta, mradi usisahau kuita `balance` baada ya kuingiza nukta.

Wapima ardhi, hili ni lenu, na huku kwetu linauma kuliko linavyouma kwa Mzungu aliyeandika programu.

Blender huandika kona kwa namba za desimali za biti 32. Namba hizo zina tarakimu kama saba za kuaminika, basi. Lindi iko kwenye kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini, ambako kwenda kaskazini kunahesabiwa kutoka milioni 10 zilizowekwa kwenye ikweta. Mji huu uko kwenye milioni 8.89, Mtwara kwenye milioni 8.86. Sasa, namba ya biti 32 ikishapita 8,388,608 haiwezi tena kubeba nusu. Inaruka mita nzima kwa mita nzima. Na kwa kuwa kila mahali Tanzania, tangu Ruvuma hadi Kagera, kuko juu ya namba hiyo, hakuna kiwanja nchini kitakachopona ukikiingiza na koordineti zake zote.

Tazameni kwa karibu. Ukuta wa sentimita 20, uso mmoja uko 8,894,312.40, wa pili 8,894,312.60. Ukiingizwa, wa kwanza unakuwa 312 na wa pili 313. Ukuta una mita nzima. Sogeza ramani kidogo, nyuso ziwe kwenye .10 na .30, zote mbili zinaangukia 312 na ukuta umetoweka. Upande wa mashariki, ambako mji uko kwenye laki 5 na kitu, hatua ni sentimita 6.25, kwa hiyo kuta za kaskazini–kusini zinaonekana kama zina meno na za mashariki–magharibi zimevimba au hazipo. Ukiona jengo la namna hiyo usimlaumu aliyepima.

Dawa: toa namba kubwa kabla. Chagua chanzo cha eneo, tuseme mashariki 578,000 na kaskazini 8,894,000. Zitoe kwenye kila koordineti ukiwa bado ndani ya Python ya kawaida, ambayo hutumia biti 64. Usitoe baada ya kutengeneza `Vector`, kwa kuwa `mathutils`, maktaba ya hesabu ya Blender inakotoka `Vector`, nayo ni ya biti 32 na uharibifu utakuwa umekwisha kutokea. Kinachobaki, 312.40, kinaandikwa kwa hatua za milimita 0.03. Chanzo hicho kihifadhi ndani ya faili lenyewe kama sifa ya mandhari. Kikiandikwa kwenye karatasi, karatasi itapotea.

Vipimo vya urefu navyo viangalieni. Faili la STL, la kubebea maumbo kati ya programu, halisemi kama namba zake ni mita au milimita. Aliyechora kwa milimita akikupa, mita 12 zinaingia kama 12,000, na ujazo unazidi mara bilioni moja. Kosa kubwa hivyo angalau linajitangaza.

Namalizia na mzigo mzito uliowahi kutoka mkoa huu. Tendaguru iko kaskazini magharibi ya mji, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Kijerumani ulichimba pale mifupa ya dinosaria ikapelekwa Berlin. Mifupa ya mmoja wao, Giraffatitan, imesimamishwa katika jumba la makumbusho la huko, kimo zaidi ya mita 13. Alikuwa na uzito gani? Makadirio yaliyochapishwa yametoka tani 78 mwaka 1962 hadi tani 23 mwaka 2009. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza ujazo.

Mwaka 2012 mtafiti Sellers na wenzake walitumia swali ambalo skripti inaliweza. Walichukua mifupa iliyopimwa kwa leza, wakaigawa vipande: kichwa, shingo, kiwiliwili, mkia, kila kipande cha mguu. Kila kipande walikivika ngozi iliyokazwa, kama nailoni iliyobana mzigo bila kuingia kwenye mabonde. Walijaribu kwanza kwa mamalia 14, wakaona nailoni hiyo hupungukiwa na mwili halisi kwa kiwango kinachokaribiana, hivyo wakaongeza asilimia 21. Kwa huyu wa Tendaguru walipata kilo 23,200.

Kugawa vipande ndiko kulikobeba hesabu. Vika nailoni moja mnyama mzima, utakuwa umehesabu hewa yote kati ya miguu na chini ya shingo kama nyama. Kwenye Blender kazi hiyo ni `bmesh.ops.convex_hull`. Mwaga kona za kipande peke yake kwenye bmesh mpya, bila nyuso za zamani, ndipo uite. Ukiacha nyuso za mifupa humo, ujazo wao utajumlishwa juu ya ule wa ngozi.

Kompyuta zimewashwa pale mbele, kila moja ina faili moja. Ndani kuna silinda ya kona 32, nusu kipenyo mita 1, kimo mita 2. Tumeondoa kitako, tumeigeuza kwa kioo, tumeipandisha mpaka ukingo wake wa chini uko mita 10. Skripti itawatolea 32 na −16.6477. Elezeni kila tarakimu imetoka wapi, halafu rekebisheni mpaka isome 0 na 6.2429.